Nguo Inayoshikika

Tangu asubuhi ile Mama Pasi alikuwa kiguu na njia. Anatoka kwenye mashine za kufulia, anakwenda kwenye rafu, anarudi kwenye meza ya kupigia pasi, anaishika pasi, anaiacha, anakwenda tena kwenye rafu. Shuka za hoteli zilikuwa kapuni zinamsubiri, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale kwa dobi zilisubiri bila kutukanwa. Kwa kawaida Mama Pasi huzitukana shuka moja moja anapozinyoosha, ndiyo starehe yake. Leo hakuwa na nafasi hiyo.

"Mama Pasi, kaa basi, unanitia kizunguzungu," alisema Stimu, mwenzake anayeangalia boila ya kuchemshia maji, bonge la mtu mwenye mikono mizito na roho ya kuku.

"Nikikaa, nani atazitafuta? Wewe?"

Alikuwa anatafuta nguo sita za juu. Si za kuvaa harusini wala kazini. Alitaka nguo za kukamatwa, kuvutwa, kukung'utwa na kutupwa nazo chini, na baada ya hapo ziwe bado nguo. Saa kumi jioni hiyo hiyo mtahini wa judo angefika kwenye ukumbi wa shule ya jirani kuwapima vijana sita waliotaka kupanda daraja la mkanda, na mmoja wao alikuwa binti yake wa pekee, Kiberiti. Na vijana hao hawakuwa na sare. Walikuwa nazo mpaka jana. Aliyeziharibu ni Mama Pasi.

Wacha niseme ilivyokuwa, maana mtaani wameshaanza kutia chumvi. Mtu aliyekaa kwa dobi miaka na miaka, mikono yake haimuulizi tena. Nyeupe ni nyeupe. Nyeupe inaingia kwenye maji ya kuchemka pamoja na shuka na taulo, inatoka hapo inaingia kwenye kikaushio cha moto mkali, basi, kazi imekwisha. Sare za judo ni nyeupe. Zilipoletwa kwenye gunia, mikono ya Mama Pasi ilizipokea ikazipeleka kunakopelekwa nyeupe zote, huku mwenyewe akibishana na Stimu habari za mashine inayovuja. Mtu asiye dobi angesita. Angesema, hii ni pamba nene, ngoja niulize. Yeye aulize nini, na kufua ndiyo kazi yake? Alipofungua kikaushio alitoa koti la kwanza, akalinyoosha mbele ya kifua chake, na mikono ya koti ikaishia kwenye viwiko.

Alilivuta. Akalilowesha, akalivuta tena. Akamwita Stimu, wakavutana nalo huku na huku mpaka jasho likawatoka wote wawili. Wapi! Pamba ikishasinyaa imesinyaa, na makoti yote sita yalikuwa vile vile.

Sasa kwenye judo mkono mfupi ni kosa, hilo hata yeye alilijua jana tu. Wenyewe hushikana kwenye mikono ya koti na kwenye ukosi. Ukivaa kifupi, mwenzio hana pa kukushika, na mtahini hakutazami mara mbili.

Lakini kilichomnyima raha Mama Pasi hakikuwa makoti. Koti ni koti. Kilichomnyima raha ni Kiberiti. Binti huyu hakupewa jina hilo bure, ukimgusa anawaka, na mama mtu alikuwa amejiandaa kwa moto. Alipooneshwa lile koti, hakuwaka. Alilikunja taratibu, mkono huu juu ya mkono huu, akasema, "Hongera, Mama. Umepata ulichokuwa unakitaka." Akaingia chumbani akafunga mlango. Asubuhi alikunywa chai amesimama, akatoka bila kuaga.

Mdomo ndio uliomponza Mama Pasi. Mwaka uliopita Kiberiti alirudi kutoka mazoezini amevunjika mfupa wa bega, na tangu siku hiyo mama hakuupumzisha ulimi. Mtoto wa kike kurushwa hewani kama gunia la viazi! Ukivunjika shingo nitakuzika na huo mkanda wako! Iko siku nitayachoma hayo makoti, nakuapia! Aliyasema hayo mezani, akayasema ngazini, akayasema mbele ya wageni waliokuja kwa mambo yao. Ikafika mahali mama na mwana wakawa hawaitaji judo kabisa, na wasipoitaja judo walikuwa hawana la kuzungumza, maana binti yule alikuwa halali wala haamki bila judo.

Halafu juzi juzi hapa, kocha alipotaka sare zote zing'ae kwa ajili ya mtihani, Kiberiti mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya wenzake akasema, "Mama yangu ni dobi. Atatufulia." Akaja na gunia begani, anacheka. "Mama, nakuaminia." Mama Pasi aliingia chooni akafuta machozi, alivyofurahi. Sasa wewe niambie, mtu wa namna hiyo atakaaje kitako?

Kocha, mtu mpole wa maneno machache, alimwangukia mtahini kwenye simu mpaka akakubaliwa. Suruali iwe yoyote, na juu wavae chochote, mradi kinashikika na hakimuumizi mtu. Kisha akampigia Mama Pasi.

"Usijilaumu, mama. Tafuta nguo ngumu, ya mikono mirefu, ya kufunguka mbele. Isiwe na vifungo, isiwe na zipu. Kiberiti atapita kuzichukua saa nane."

"Mwenyewe amekubali kuja?"

Kocha alikohoa. "Nimemtuma," alisema.

Pale kwa dobi kulikuwa na rafu ndefu ya nguo zilizoletwa kufuliwa, wenyewe wakayeyuka. Wengine walihama, wengine walinenepa wakaona haya kuzifuata, wengine Mungu ndiye anayejua. Zikilala sana, tajiri wao huruhusu zigeuzwe matambara. Kwenye rafu hiyo ndipo Mama Pasi alipopiga kambi.

Alianza na koti jeupe la daktari. Kwa macho tu, hiyo ilikuwa sare kamili. Akalivaa, akajipanga mbele ya Stimu.

"Haya, nikamate ukosi."

Stimu alirudi nyuma. "Mimi? Nikukabe wewe? Tajiri akitukuta hapa utamweleza nini?"

"Nikamate, nimekwambia!"

Stimu akaushika ukosi kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi.

"Vuta!"

"Nimevuta."

"Hujavuta, umenisalimia! Mwanaume mzima, mwili wote huo unaupeleka wapi?"

Ilibidi wabadili mbinu. Chini ya dari lilipita bomba nene la zamani lisilotumika tena. Mama Pasi alilivika bomba lile koti la daktari, akamwamuru Stimu aning'inie. Koti likasema raaa, likafunguka mgongoni kutoka juu mpaka chini, na Stimu akajikuta amekaa sakafuni na ukosi mkononi.

"Daktari ameshindwa," alisema, akijipapasa makalio.

Mama Pasi hakucheka. Alishafika kwenye rafu. Sweta la sufu lilishikika vizuri, ila lilipovutwa lilirefuka likawa gauni. Koti la mvua lilimteleza Stimu kabla hajaanza. Jaketi la jinzi, hilo sasa! Stimu aling'ang'ania mpaka mikono ikamchoka na jinzi haikutikisika. Mama Pasi alipiga makofi. Kisha, sijui lilimjia wazo gani, akaliteremsha akalipitisha shavuni mwake, kwa nguvu, kama vile uso wa mtu unaburuzwa juu yake. Vifungo vya chuma vikamkwaruza. Akalitupa. Akaliokota, akachukua mkasi, akang'oa vifungo vyote, akakuta mifukoni kuna vichuma vingine vidogo vilivyogongelewa vya kukaa milele. Akalitupa tena, safari hii mbali.

Lile joho la taulo, la kuvaa mtu akitoka kuoga, nusura limdanganye. Lilikuwa zito, mikono mipana, linafunguka mbele, na mkanda wake lilikuja nao. Lakini Stimu alipolivuta, kucha yake ilinasa kwenye nyuzi, akapiga yowe lililomleta jirani mlangoni kuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," Mama Pasi alimjibu. "Tunafua."

Bahati ilikuwa chini kabisa ya rafu, kwenye furushi lililofungwa kwa kamba. Makoti ya wapishi, matano, ya mkahawa uliofungwa zamani. Pamba nene, mikono mirefu, kifua cha kukunjana mara mbili, na vifungo vyenyewe ni mafundo ya nguo tu. Alivikata. Stimu akaning'inia kwenye kila moja mpaka bomba likaanza kulalamika, na makoti yakamshinda. Aliyapiga pasi yote, japo hayakuhitaji pasi, kwa sababu mikono yake ilikataa kutulia.

Matano. Na wa sita ndiye Kiberiti, kifupi cha watu, ambaye kwenye koti lolote la mpishi angepotea asionekane hata vidole. Kwa wale vijana wengine Mama Pasi alikuwa mwepesi, hili sawa, hili sawa. Kwa mwanawe kila alichokishika kilikuwa na kasoro. Ukosi mlaini. Ukosi mkavu mno, utamchuna shingo. Kwapa linabana. Mwisho alibaki na mawili, koti la buluu la bawabu, ambalo alilipunguza mikono, na sehemu ya juu ya ovaroli ya fundi magari, aliyoikata kiunoni, akaing'oa zipu na kuzikunja kingo akazishona mara mbili. Akilichukua la bawabu, anaona la ovaroli ndilo. Akilichukua la ovaroli, anarudi kwa bawabu. Na kuna neno lilikuwa linamfuata tangu jana, na kila lilipokaribia kumfikia alijitia anatafuta uzi.

Kiberiti aliingia saa nane.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba, bingwa wetu," alisema Stimu, bado anasugua kiuno.

"Shikamoo, Mama." Hiyo aliisema akiwa anaangalia mashine.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimeshiba."

Shiba gani hiyo, na midomo imekauka? Lakini Mama Pasi alimeza maneno. Binti alipitia makoti ya wapishi moja moja. Alipindua mikono, akavuta ukosi, akaingiza vidole ndani ya mishono. "Haya yako sawa," alisema, kama mtu anayesaini mzigo. Akayaweka kwenye begi. Kisha akatazama yale mawili yaliyobaki mezani.

"Na haya?"

"Yako. Nimeshindwa kuchagua. Yote tumeyajaribu kwenye bomba."

"Bomba halianguki, Mama. Nguo inajaribiwa kwa mtu."

Stimu alihisi macho ya mama na mwana yakimgeukia. "Boila," alisema, "nimesikia boila," na bonge lile likatoweka kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kuuona. Wakabaki wawili.

"Nitavaa mimi," alisema Mama Pasi.

"Wewe?"

"Kimo chetu si kimoja? Nitavaa mimi."

Kiberiti alimtazama juu mpaka chini. Halafu akaanza kuburuta mablanketi ya bweni yaliyokuwa yanasubiri kufuliwa, akayatandika sakafuni, tabaka juu ya tabaka, akayakandamiza kwa goti. Mama Pasi alivaa koti la bawabu, akalifunga kiunoni kwa kamba ya furushi. Akasimama juu ya mablanketi.

Kiberiti akamshika. Mkono mmoja kwenye ukosi, mmoja chini ya kiwiko. Haikuwa kama Stimu. Mshiko ule ulimfika Mama Pasi mpaka kwenye nyayo. Ilikuwa pia ndiyo mara ya kwanza tangu jana mtoto huyu kumgusa. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba aliweza kuona jinsi macho ya bintiye yalivyovimba. Kumbe hakulala.

"Mama," alisema Kiberiti. "Ulikusudia?"

Jibu Mama Pasi alikuwa nalo tangu jana, amelipiga pasi na kulikunja. Sikukusudia, nakuapia. Na lilikuwa kweli tupu, hakuna uongo hata kidogo. Lakini lile neno lililokuwa linamfuata nalo lilikuwa limefika, na akiwa amekamatwa ukosi hakuwa na rafu ya kukimbilia.

"Sikukusudia," alisema. "Mikono ilikwenda yenyewe. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Nilipolitoa lile koti nikaona limekuwa dogo, kabla sijashtuka, nilifurahi. Nilisema moyoni, basi hatakwenda. Halafu ndipo nikaogopa."

Mkono wa ukosini ulikaza.

"Ulifurahi."

"Nilifurahi, mwanangu. Ukitoka nyumbani na ule mfuko wako, mimi sikai. Nafagia palipofagiwa. Nasubiri simu kwamba umevunjika tena. Kwa hiyo nilipoliona koti nilifurahi, na sijui nikwambie nini kingine."

Kiberiti alikuwa anapumua kwa pua, na kidevu kilikuwa kinamcheza. Mama Pasi alingoja aachiwe, alingoja mlango ubamizwe.

"Kidevu kifuani," alisema Kiberiti kwa sauti iliyokwaruza.

"Nini?"

"Weka kidevu kifuani. Usitangulize mkono chini. Na usinishike."

Hapo Mama Pasi alijua anatupwa kwa hasira. Akasema moyoni, haya, ni haki yake. Akaweka kidevu kifuani, akafumba macho, akayafumbua. Kiberiti aligeuka, kiuno kikaingia chini yake, na sakafu ikaondoka. Aliona dari, akaona lile bomba likipita, akaona miguu yake mwenyewe mahali ambapo miguu haipaswi kuwa. Kisha mgongo ukafika kwenye mablanketi, pu! Pumzi yote ikamtoka.

Alilala pale akisubiri maumivu. Hayakuja. Kichwa hakikugusa chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka hewani, koti limekazwa mpaka kwapani, na mwisho wa mkono ule alikuwa Kiberiti, amekunja magoti, ameng'ang'ania nguo kwa mikono miwili na kumvuta kwenda juu. Machozi yalikuwa yanamdondoka, lakini mikono ilikuwa imetulia tuli.

"Mbona hujaniachia?" Mama Pasi aliuliza akiwa chini.

"Haiachiwi." Kiberiti alivuta kamasi. "Ndivyo inavyofanywa, Mama. Ukimtupa mtu humwachii. Unamshika nguo mpaka atue."

"Na yule aliyekuvunja bega?"

"Hakutaka kuniachia. Ilimtoka mkononi. Sare yangu ilikuwa mbichi siku ile, ilinyeshewa kwenye kamba, nikavaa fulana. Fulana haishikiki." Alimtazama mama yake. "Hukuwahi kuniuliza."

Kweli hakuwahi. Alikuwa ameuliza hospitali ipi, daktari yupi, mfupa upi. Alikuwa amelia, amefoka, amesema maneno ya kuzika na kuchoma, mwaka mzima, na hata siku moja hakumuuliza mtoto wake alikuwa amevaa nini. Haya ilimpanda Mama Pasi mpaka kwenye masikio. Aliinuka kwa kuvutwa na mkono ule ule ambao bado ulikuwa haujamwachia, akasimama, kizunguzungu kikimpitia.

Alifungua kamba kiunoni, akalivua koti la bawabu, akalikagua ukosi na kwapa kwenye mwanga. Halikuwa limeachia hata uzi. Akalivaa lile la ovaroli, akajifunga tena kamba, akarudi katikati ya mablanketi na kuweka kidevu kifuani.

"Nitupe na hili," alisema. "Usinionee huruma. Nataka nione kama linashika."